Santuri Mia Tano za Mtoto wa Nanyuki

(Mazungumzo na wapenda santuri, Nanyuki)

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo.

Nilipotuma habari kwamba nitazungumzia santuri za Australia zilizosahaulika, mzee mmoja aliyeketi hapa mbele alinipigia simu akaniuliza: "Kwani za Kongo umezimaliza?" Sijazimaliza, mzee wangu, wala sitazimaliza. Lakini hizi nina sababu ya kuzileta, tena kuzileta Nanyuki, si Nakuru wala Thika.

Novemba mwaka 1956, nchi hii ikiwa bado chini ya Hali ya Hatari, mume na mke Waairishi walijaliwa mtoto wa kiume hapa hapa Nanyuki. Wakamwita Christopher. Hakukulia hapa. Walimpeleka Belfast akiwa mdogo, na alipofika miaka saba hivi familia ikahama tena, safari hii hadi Brisbane, Australia, mtaa wa Inala. Huyo ndiye Chris Bailey, mwimbaji wa bendi ya The Saints, aliyefariki Aprili 2022. Asubuhi ya leo nimezunguka sokoni nikimtaja kwa watu wa rika langu. Wa kwanza alidhani natafuta fundi wa baiskeli. Wengine walinisikiliza kwa heshima, wakaniuzia viazi.

Basi tazameni hii niliyoishika. Ni santuri ndogo ya arubaini na tano, yaani inayozunguka mara 45 kwa dakika, inchi saba kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wa kwanza wimbo unaitwa "I'm Stranded", yaani nimekwama. Upande wa pili "No Time". Kazeni macho, muisogeze karibu na taa: pale mistari ya muziki inapoishia, kabla ya kufika kwenye karatasi ya lebo, kuna sehemu nyeusi laini isiyo na sauti. Hapo pamekwaruzwa herufi na tarakimu. Mtu wa kawaida huona uchafu. Mkusanyaji huona cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa lebo inaweza kuigwa na mfuko unaweza kuchapishwa upya, lakini namba ile inakuambia santuri hii ilitoka kwenye bamba gani la kiwandani. Na namba ya hii inasema kwamba mimi sina ile inayotafutwa. Hii ni ya Uingereza, ya lebo ya Power Exchange. Inayotafutwa ina lebo iliyoandikwa Fatal Records, na zilifyatuliwa mia tano tu.

Mia tano! Harusi moja ya Pwani ina wageni wengi kuliko hao.

Ilikuwaje zikawa mia tano? Brisbane ya wakati ule haikuwa mji wa kuchekesha. Jimbo la Queensland lilikuwa chini ya waziri mkuu wake Joh Bjelke-Petersen, aliyekaa madarakani tangu 1968 mpaka 1987, na polisi wake hawakuwapenda vijana wenye nywele ndefu waliokusanyika usiku. The Saints walikuwa wakipiga gitaa kwa kasi na kelele ambazo hakuna mwenye ukumbi aliyezitaka. Ed Kuepper kwenye gitaa, Ivor Hay kwenye ngoma, Bailey akiimba kama mtu anayegombana na jirani juu ya ua. Waliponyimwa kumbi, waligeuza nyumba waliyokuwa wakiishi, barabara ya Petrie Terrace, wakaifanya klabu yao wenyewe, wakaiita Club 76. Mnamo Juni 1976 waliingia studio ndogo ya mjini, fundi mitambo akiwa Mark Moffatt, wakarekodi nyimbo mbili. Hakuna kampuni iliyozitaka. Wakaanzisha lebo yao, ndiyo hiyo Fatal Records. Nyinyi mliowahi kupita River Road, Nairobi, na kuona mwanamuziki akijifyatulia santuri kwa lebo yake mwenyewe, mnaelewa bila kuelezwa.

Septemba santuri zikatoka. Badala ya kuzipanga madukani, nyingi walizitia kwenye bahasha, wakazipeleka kwa vituo vya redio na magazeti, ndani na ng'ambo. Nyumbani kimya. Lakini moja ilifika London, mezani kwa gazeti la muziki la Sounds, na Oktoba gazeti hilo likaandika kwamba hii ndiyo santuri ya wiki hii na ya kila wiki. Tafadhali angalieni tarehe. The Damned walitoa "New Rose" mwezi huo huo wa Oktoba, siku chache baadaye. Sex Pistols wakafuata Novemba. Wale tunaoambiwa kila siku kwamba ndio walioanzisha panki, roki ile ya kasi na fujo, Uingereza, walitanguliwa na vijana wa Brisbane waliokuwa wakipanga foleni posta. Kampuni kubwa ya santuri, EMI ya London, ikaiuliza EMI ya Sydney: hawa ni nani, na mbona hamjawasajili? Wakasajiliwa.

Sasa hapa ndipo nataka tuelewane, maana ndicho kilichonitoa nyumbani leo. Watu huchanganya santuri adimu na santuri iliyosahaulika, wakadhani ni kitu kimoja. Hii ya Fatal ni adimu, lakini haikusahaulika hata siku moja. Iliingizwa kwenye albamu yao ya kwanza mwaka 1977, ikapigwa, ikaigwa, ikaandikwa. Ule mfuko wa albamu wenye picha ya vijana wanne mbele ya meko ya nyumba chakavu, jina la wimbo limepakwa ukutani juu ya meko, umetazamwa na macho mengi mno. Anayelipa fedha nyingi kwa nakala ya Fatal haokoi kitu. Ananunua tu ile iliyotangulia, kama mtu anayetaka shilingi ya mwaka fulani ilhali shilingi ziko tele.

Iliyosahaulika ni albamu yao ya tatu, Prehistoric Sounds, ya mwaka 1978. Ilitolewa na kampuni kubwa, yenye magari, wasambazaji na ofisi London. Kasi imepungua, tarumbeta zimezidi, Bailey ameacha kugombana na jirani na sasa anazungumza peke yake gizani. Mimi naiona bora kuliko zote mbili zilizotangulia, na kama kuna anayebisha tubishane wakati wa chai. Waliotaka panki walisema hii si panki. Waliotaka kitu kingine hawakujua kwamba ipo. Kampuni ikawaacha, bendi ile ya mwanzo ikavunjika kabla mwaka haujaisha. Hiyo haikuhitaji kuwa mia tano ili ipotee.

Na kuna aina ya tatu, adimu na iliyosahaulika kwa pamoja. Nitaifikia.

Kwanza nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kwenye albamu ile ya kwanza The Saints walipiga wimbo usio wao, "Wild About You". Wenyewe ni The Missing Links wa Sydney, na mwaka ulikuwa 1965. Mkisikia Australia ya 1965 huenda mnawaza vijana wenye suti wakiiga Beatles. Hawa hawakuwa hivyo. Nywele zao zilifika mabegani, gitaa lao lilipiga mayowe, na mwaka huo huo walifanya kituko ambacho mpaka leo sijui walimshawishije bwana mkubwa wa kampuni yao ya santuri, Philips, akubali: walichukua rekodi yao ya "Mama Keep Your Big Mouth Shut", wakaigeuza mkanda ucheze kinyumenyume, wakaitoa kama santuri ya dukani, pande zote mbili, na jina lenyewe wakaliandika kinyume: "H'tuom Tuhs". Nimeisikiliza. Haisikilizwi mara mbili. Lakini fikirini mzazi aliyempa mtoto pesa akanunue santuri, mtoto akarudi na hiyo.

Albamu yao ilitoka Desemba 1965, nakala chache, na mwaka uliofuata bendi ikawa imesambaratika. Leo nakala safi ya albamu ile inaweza kukugharimu bei ya ng'ombe wa maziwa. Wimbo mmoja ulivuka kutoka kwao hadi kwa vijana wa mji mwingine miaka kumi na moja baadaye, tena wakati ambao hakuna redio iliyokuwa ikiupiga. Santuri moja mikononi mwa kijana mmoja ilitosha.

Kwa nini zilipotea nyingi hivyo? Wenye haraka husema hazikuwa nzuri. Mimi nasema tazameni ramani. Kutoka Perth mpaka Sydney kwa barabara ni takriban kilomita 4,000, karibu sawa na kutoka hapa Kenya kwenda Johannesburg. Katikati ni jangwa. Redio ya kila mji ilikuwa na orodha yake ya vibao, na orodha ya nchi nzima ilianza kuchapishwa na gazeti la Go-Set Oktoba 1966 tu. Kabla ya hapo, na hata baadaye, bendi iliweza kuwa wafalme Adelaide, huku Sydney asiwepo hata mmoja anayewajua. Perth walikuwa na lebo yao ya Clarion, miji mingine nayo ina zake, na santuri nyingi hazikuvuka mpaka wa jimbo. Mwaka 1978 bendi ya The Victims ya Perth ilijitolea santuri yake, "Television Addict". Mwimbaji wao Dave Faulkner na mpiga ngoma James Baker baadaye walihamia Sydney, wakawa miongoni mwa walioanzisha Hoodoo Gurus, bendi iliyokuja kujulikana mbali. Yaani ili wasikike iliwabidi waikimbie Perth.

Halafu kuna mwaka 1970, na huu nauita mwaka wa bubu. Kampuni kubwa za santuri zilitaka vituo vya redio vya biashara vilipie kupiga muziki wao. Vituo vikajibu: sisi ndio tunaowatangazia bidhaa zenu bure, leo mtudai? Tangu Mei mpaka Oktoba vikagoma, vikaacha kupiga santuri za kampuni hizo, za Uingereza na za Australia yenyewe. Miezi mitano. Hebu fikiria wewe ni bendi, umehangaika miaka, umesajiliwa na kampuni kubwa, wimbo wako unatoka Juni. Hakuna atakayeusikia. Oktoba ukifika, wimbo wako ni wa zamani. Aliyefaidi ni Ron Tudor, aliyekuwa ameanzisha lebo yake ya Fable muda mfupi kabla. Yeye hakuwa kwenye ugomvi ule, kwa hiyo wanamuziki wake waliimba upya vibao vya Uingereza vilivyofungiwa, na vikapanda kileleni. The Mixtures walishika nafasi ya kwanza na "In the Summertime" ambao si wao. Mnunuzi wa santuri za Australia akiona mwaka 1970 kwenye lebo ya kampuni kubwa, hana budi kusimama. Mara nyingi kuna kitu kizuri ambacho hakikupata hewa.

Nitawapitisha haraka kwa wale waliojitafutia uhaba wenyewe. The Psycho Surgeons wa Sydney, 1978, walitoa santuri ndogo iitwayo "Horizontal Action", na mfuko wake mweupe wakaunyunyizia damu. Damu ya kweli, ya mnyama. Wino haukuwatosha. Wanaozimiliki leo hujadiliana kwa makini kabisa namna ya kuihifadhi damu hiyo isiote ukungu. Watu wazima, wenye familia.

Tuache kicheko.

Vic Simms ni mtu wa kabila la Wabidjigal, mzaliwa wa La Perouse, Sydney, palipo na makazi ya wenyeji wa asili kando ya bahari. Alianza kuimba jukwaani akiwa mtoto, akizunguka na kundi la mwimbaji wa roki Col Joye miaka ya hamsini. Baadaye maisha yakamgeuka, pombe ikaingia, akafungwa kwa wizi wa nguvu, akapelekwa gereza la Bathurst. Huko alipata gitaa kwa mfungwa mwenzake kwa kubadilishana na tumbaku. Akaanza kutunga. Kanda ya nyimbo zake ikatoka nje, ikafika kwa kampuni ya RCA, na mwaka 1973 kampuni ikaleta mitambo yake ya kurekodia ndani ya gereza. Alipewa saa moja.

Nawaomba mkae na hiyo saa moja. Ninyi mmekuwa hapa kwa robo saa na tayari kuna aliyepiga miayo. Katika saa moja, mwanamume huyu akiwa na wapigaji wachache nyuma yake, alirekodi albamu nzima: The Loner. Hakuna kurudia, hakuna kusema tungoje sauti ipoe. Ukisikiliza "Stranger in My Country", yaani mgeni katika nchi yangu, unasikia anavyoharakisha kuingia kwenye ubeti unaofuata, kama mtu anayeona mlango unaanza kufungwa. Besi inamfuata nyuma kwa nusu hatua. Studio ya fedha nyingi ingerekebisha kasoro hiyo, na ingeiharibu.

Kisha nini? Wenye mamlaka waliona wamepata mfano wa kuonyesha: tazameni, magereza yetu hurekebisha watu. Wakawa wanamtoa chini ya ulinzi akaimbe mbele ya watu, kisha wanamrudisha seli. Mwenyewe alikuja kuona anatumiwa, akakataa. Santuri ikaishia njiani. Kwa miaka mingi The Loner ilikuwa jina tu kwa wachache, na nakala zake kwa wachache zaidi, mpaka ilipofyatuliwa upya karne hii na wanamuziki wadogo wakaanza kuziimba tena nyimbo zake pamoja naye. Hiyo ndiyo ile aina ya tatu niliyoiahidi. The Saints walikosa redio lakini walikuwa na stempu za posta. Bahasha moja ikawatosha. Simms hakuwa na posta. Kila bahasha yake ilipita kwa askari kwanza.

Miaka kumi baadaye, 1983, ilitoka santuri nyingine ndogo ambayo kwangu ni kama jibu la hiyo, ingawa waliofanya hawakuwa wanamjibu yeyote. Warumpi Band walitoka Papunya, makazi ya jangwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 magharibi mwa Alice Springs. Ndugu wawili wa pale, Sammy na Gordon Butcher, mwimbaji George Rrurrambu kutoka Elcho Island kaskazini kabisa, na mzungu mmoja kutoka kusini, Neil Murray. Wimbo wao unaitwa "Jailanguru Pakarnu". Ni lugha ya Kiluritja, na maana yake ni kutoka jela. Sikilizeni neno lenyewe: jaila. Neno jela nalo limechukuliwa, likavishwa kiambishi, likawa lao, kama sisi tulivyolivisha letu. Huo ndio wimbo wa kwanza wa roki kutolewa kwa lugha ya wenyeji wa asili wa Australia. Mwaka 1983! Roki ilikuwa imekwisha kuwa na wajukuu.

Mkienda kutafuta muziki wa bendi za jangwani, msitafute santuri peke yake. Nyingi zilitoka kwa kaseti, kwa kituo cha utangazaji cha wenyeji wa asili, CAAMA, cha Alice Springs kilichoanzishwa 1980, na hatima ya kaseti mnaijua. Vumbi, jua kwenye dashibodi ya gari, kalamu ya kuzungushia mkanda, na yule mjomba aliyebandika selotepu juu ya vitundu akarekodia mahubiri. Sisi wakusanyaji tunajisifu kwa santuri zenye bei, na kaseti ya shilingi kumi ikioza hatuna habari. Hilo najilaumu mwenyewe kwanza. Kuna sanduku nyumbani kwangu ambalo sijalifungua tangu tuhame.

Namalizia na hii ya mkononi, maana naona mwenyekiti anatazama saa. Niliinunua kupitia kwa mpwa wangu aliye London. Muuzaji, ambaye simtaji, aliandika kwamba ni safi kabisa. Ilipofika niliiweka, sindano ikaenda vizuri kama dakika moja, halafu tak, tak, tak, ikawa inarudia pale pale. Kuna mkwaruzo upande wa kwanza, mrefu kama ukucha. Kwa hiyo "I'm Stranded" yangu kweli imekwama, na nimeisafirisha mpaka mji aliozaliwa mwimbaji wake ikiwa hivyo hivyo.

Upande wa pili ni mzima. Kijana, washa kipaza sauti, na wewe mama pale nyuma nisaidie kufunga dirisha, upepo wa mlimani usiguse mkono wa sindano. Tunaanza na "No Time".